SOMO LA MAKATIBU: TUONDOE VIKOMO VIBAYA KATIKA KARATASI ZA KIKUNDI



Somo hili ni la makatibu na waweka hazina, lakini na mwanachama wa kawaida asiliruke. Karatasi zinazoandikwa na katibu ni zake pia. Siku hizi vikundi vingi vimetoka kwenye taipureta vikaingia kwenye kompyuta. Hata kama kikundi hakina kompyuta yake, kuna kijana wa mwanachama aliye nayo, au kuna saiba pale sokoni. Hilo ni jambo zuri. Lakini kompyuta ina mambo yake yaliyofichika, na asiyeyajua anaweza kupoteza pesa za kikundi, au hata amani ya kikundi.

YALIYOTUPATA SISI

Kikundi chetu kilikuwa kinatayarisha karatasi za usajili. Mnajua kwamba chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kinatakiwa kupeleka katiba yake, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama. Katiba yetu ilikuwa imechapwa zamani na katibu aliyejifunza kazi kwa taipureta. Orodha ya wanachama na orodha ya mikopo tulikuwa tumeziweka katika faili hiyo hiyo, mwishoni.

Wazee wetu wakaomba herufi ziwe kubwa kidogo ili waweze kusoma. Tukaziongeza kutoka 11 hadi 14. Mara katiba ikaharibika yote! Mstari mmoja mrefu, halafu chini yake maneno mawili peke yao, halafu mstari mrefu tena. Kurasa 8 zikawa 15. Kijana wa saiba akamwuliza mweka hazina wetu, "Mama, nichape zote? Malipo ni kwa ukurasa." Mama akajibu, "Ngoja kwanza, mwanangu. Hizo pesa si zangu, ni za kikundi."

Yule kijana alikuwa na nia njema. Akasema, "Wacha niwasaidie." Akaiambia kompyuta iondoe kila kikomo katika faili nzima, kwa mara moja. Kweli katiba ikaungana. Lakini orodha nazo zikaungana! Majina, nambari za vitambulisho na madeni yakawa kama mto mmoja. Kijana akahifadhi kazi, akafunga. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Tulipofika nyumbani tukakuta shilingi 4,000 zimekaa katikati ya majina mawili. Ni deni la nani? Wanachama wawili waliokuwa wakisalimiana kila siku wakaanza kutazamana kwa jicho lingine. Kilichotuokoa ni daftari la mweka hazina, lile la kuandikwa kwa kalamu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Baadaye tuliketi tukajifunza njia ya kufanya kazi ile vizuri. Ndiyo tunayowaletea leo.

KIKOMO NI NINI?

Kwenye taipureta, ukifika mwisho wa mstari ilibidi urudishe mkono wa mashine ndipo uanze mstari mpya. Kompyuta haihitaji hivyo. Maneno yakijaa, inashuka mstari yenyewe. Ukibonyeza Enter mwisho wa kila mstari, unaiambia, "Aya imeisha hapa." Kompyuta inatii. Ukibadilisha ukubwa wa herufi au upana wa karatasi, ile amri inabaki pale pale, hata kama sasa iko katikati ya ukurasa. Ndiyo sababu mistari yetu ilivunjika.

Amri za namna hii tunaziita vikomo. Viko vya aina nne ambavyo katibu anapaswa kuvijua:

1. Kikomo cha aya. Huwekwa na Enter. Kinaiambia kompyuta kwamba aya imeisha.

2. Kikomo cha mstari. Huwekwa na Shift na Enter pamoja. Mstari unashuka, lakini aya bado ni ile ile. Kinafaa kwa anwani. Lakini kama aya imenyooshwa pande zote mbili, mstari wenye kikomo hiki huvutwa, maneno yakaachana mbali kama meno ya mzee.

3. Kikomo cha ukurasa. Huwekwa na Ctrl na Enter pamoja. Kinachofuata huanza ukurasa mpya.

4. Kikomo cha sehemu. Hutenganisha sehemu zenye mpangilio tofauti, kwa mfano pale karatasi iliyosimama inapogeuka kuwa ya kulala ili ibebe jedwali pana.

Maandishi yaliyonakiliwa kutoka barua pepe au kutoka faili ya PDF mara nyingi huja na kikomo mwisho wa kila mstari. Kwa hiyo msimlaumu katibu wa zamani peke yake.

KWANZA, TUVIONE

Huwezi kung'oa magugu usiyoyaona. Katika programu ya Microsoft Word, bonyezeni Ctrl na Shift na 8 pamoja. Alama zilizofichika zitatokea. Kikomo cha aya kinaonekana kama herufi P iliyogeuzwa nyuma, hivi: ¶. Kikomo cha mstari ni mshale uliopinda kuelekea kushoto. Nafasi kati ya maneno ni nukta ndogo. Alama hizi hazichapwi kwenye karatasi, msiogope. Mkibonyeza tena zinajificha.

Sasa someni ukurasa mmoja pole pole. Jiulizeni: alama ya ¶ iko mwisho wa kila mstari, au mwisho wa aya peke yake? Kati ya aya na aya kuna ¶ nyingine iliyokaa peke yake? Wapi kuna mishale? Msianze kutibu kabla ya kujua ugonjwa.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo chetu kinaitwa tafuta na badilisha. Bonyezeni Ctrl na H. Kisanduku kinafunguka chenye nafasi mbili za kuandika. Ya juu, "Find what", ndipo tunaandika kitu tunachotafuta. Ya chini, "Replace with", ndipo tunaandika kitu cha kuweka mahali pake.

Watu wengi hutumia chombo hiki kwa maneno tu, kama kubadilisha jina lililokosewa. Lakini kinaweza kutafuta vikomo pia, mradi mjue alama zake. Kila alama huanza na ^, ile iliyo kama paa la nyumba, ambayo iko juu ya 6 kwenye kibodi. Bonyezeni Shift na 6. Alama za Word ni hizi:

^p ni kikomo cha aya.
^l ni kikomo cha mstari (hii ni herufi L ndogo, si tarakimu moja).
^m ni kikomo cha ukurasa.
^b ni kikomo cha sehemu. Hii hutafutwa tu, haiwezi kuandikwa katika nafasi ya chini.

Kuna vibonye vitatu vya kuangalia. "Find Next" hukupeleka kwa kinachofuata bila kubadilisha chochote. "Replace" hubadilisha kimoja. "Replace All" hubadilisha vyote kwa mara moja. Hiki cha mwisho ni panga kali. Panga ni zuri shambani, lakini hulipi mtoto kuchezea.

KABLA YA KUANZA

Fanyeni mambo manne, na msiruke hata moja.

Kwanza, bonyezeni F12 mhifadhi nakala yenye jina lingine, kwa mfano "Katiba nakala ya kazi". Fanyeni kazi kwenye nakala, ile ya asili iacheni ilivyo.

Pili, angalieni chini ya dirisha, Word huonyesha idadi ya maneno. Iandikeni kwenye karatasi. Tutaihitaji baadaye.

Tatu, tieni alama kwa kipanya sehemu mnayotaka kutengeneza tu, yaani vifungu vya katiba. Orodha za wanachama, vichwa vya habari, anwani na mistari ya kutia sahihi ziacheni nje. Hapo ndipo sisi tulipoangukia. Kompyuta ikimaliza sehemu mliyoitia alama, itauliza kama iendelee na faili iliyobaki. Jibuni "No". Ikiwa kichwa cha habari kiko katikati ya vifungu, fanyeni kifungu kwa kifungu.

Nne, kumbukeni Ctrl na Z. Hii hurudisha nyuma jambo la mwisho mlilofanya. Mkiona mambo yameharibika, bonyezeni hapo hapo, kabla ya kuhifadhi na kufunga.

HATUA KWA HATUA

Tuseme kila mstari wa katiba unaishia na ¶, na kati ya aya na aya kuna mstari mtupu. Ukiondoa ¶ zote, aya zote zitashikana. Siri ni hii: kwanza zifiche zile nzuri, ondoa zile mbaya, kisha rudisha zile nzuri. Ni kama mtu anayepalilia maharagwe. Kwanza huweka kijiti pale penye mche, ndipo apitishe jembe.

Hatua ya 1. Kama kuna mishale, tafuteni ^l, badilisheni kwa ^p. Sasa vikomo vyote ni vya aina moja.

Hatua ya 2. Ondoeni nafasi zilizobaki mwisho wa mistari. Juu bonyezeni kibonye cha nafasi mara moja, kisha andikeni ^p. Chini andikeni ^p peke yake. Rudieni hadi kompyuta iseme imebadilisha 0. Mstari unaoonekana mtupu huwa na nafasi ndani yake mara nyingi, na msipoiondoa, hatua ya 4 haitauona.

Hatua ya 3. Tafuteni maneno yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari, kama "wana-" juu na "chama" chini. Juu andikeni -^p, chini acheni patupu. Hapa msitumie "Replace All". Tumieni "Find Next", mtazame kimoja kimoja, kwa sababu vistari vingine ni vya haki.

Hatua ya 4. Juu andikeni ^p^p, chini andikeni @@@. Hivi ndivyo vijiti vyetu. Mmeweka alama pale penye mwisho wa kweli wa aya. Hakikisheni kwanza kwamba @@@ haiko popote katika maandishi yenu.

Hatua ya 5. Juu andikeni ^p, chini bonyezeni kibonye cha nafasi mara moja. Mistari inaungana. Msiache chini patupu! Mkiacha, neno la mwisho wa mstari litashikana na neno la kwanza la mstari unaofuata, na "kila mwezi" itakuwa "kilamwezi".

Hatua ya 6. Juu andikeni @@@, chini ^p. Aya zinarudi mahali pake.

Hatua ya 7. Safisheni. Badilisheni nafasi mbili kwa nafasi moja, mrudie hadi ifike 0. Kisha juu andikeni ^p na nafasi moja, chini ^p, ili aya zisianze na nafasi.

Baada ya kila hatua kompyuta huwaambia imebadilisha mara ngapi. Msifunge ujumbe huo bila kuusoma. Kama katiba yenu ina aya 40 hivi na hatua ya 4 imesema 3, kuna jambo. Simameni, mrudi nyuma kwa Ctrl na Z, mtazame tena.

KAMA VIFUNGU VIMEBANANA

Katiba nyingine hazina mistari mitupu. Kifungu cha 5 kinaisha, cha 6 kinaanza chini yake tu. Hapa alama ya kutusaidia ni ile nambari. Badala ya hatua ya 4, juu andikeni ^p^# na chini andikeni @@@^&. Alama ^# maana yake ni tarakimu yoyote. Alama ^& maana yake ni "rudisha ulichokikuta, usikipoteze". Kwa hiyo kompyuta itatia kijiti mbele ya kila mstari unaoanza na tarakimu. Kisha endeleeni na hatua ya 5 hadi ya 7.

Lakini angalieni! Si kila mstari unaoanza na tarakimu ni kifungu. Katika katiba yetu palikuwa na sentensi hii: "Atakayechelewa atalipa faini ya shilingi", halafu mstari wa chini ukaanza na "50 kwa kila mkutano". Kompyuta haijui kwamba 50 ni faini. Ingekifanya kuwa kifungu cha 50! Kwa hiyo nendeni na "Find Next". Mkikuta kifungu bonyezeni "Replace", mkikuta pesa au tarehe pitieni kwa "Find Next" tena.

KURASA TUPU

Kurasa tupu huletwa na mambo mawili. La kwanza ni kubonyeza Enter mara nyingi ili kufika ukurasa mpya. Ondoeni hizo Enter, muweke Ctrl na Enter mara moja. La pili ni vikomo vya ukurasa vilivyobaki kutoka mpangilio wa zamani. Tafuteni ^m, chini acheni patupu, mwende kimoja kimoja. Ule unaotenga ukurasa wa sahihi uacheni ukae.

Kikomo cha sehemu msikifute ovyo. Ukikifuta, sehemu iliyokuwa juu yake huchukua mpangilio wa sehemu ya chini. Karatasi iliyosimama inaweza kulala ghafla.

WANAOTUMIA LIBREOFFICE

Baadhi ya vikundi hutumia LibreOffice Writer, ambayo haiuzwi. Hapa alama ni tofauti. Vikomo huonekana kwa Ctrl na F10, na kisanduku hufunguka kwa Ctrl na H. Fungueni "Other options", kisha mtie tiki kwenye "Regular expressions".

Kubadilisha vikomo vya mstari viwe vya aya, andikeni \n juu na \n chini. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo: juu \n ni kikomo cha mstari, chini \n ni kikomo cha aya. Kufuta mistari mitupu kabisa, andikeni ^$ juu, chini patupu. Kuunganisha mistari ya aya moja, tieni alama mistari hiyo bila kugusa mwisho wa mstari wa mwisho, juu andikeni $, chini nafasi moja. Kikomo cha ukurasa hakitafutwi kwa alama hizi. Wekeni kishale mbele ya herufi ya kwanza ya ukurasa mpya, mbonyeze Backspace.

KUHAKIKISHA

Kazi haijaisha hadi imehakikishwa. Tazameni idadi ya maneno tena. Inatakiwa iwe ile ile mliyoandika mwanzoni, isipokuwa itapungua kidogo kwa yale maneno yaliyokuwa yamekatwa kwa kistari. Ikiwa imepungua sana, maneno yameshikana mahali. Ikiwa imeongezeka, kitu kimekatika.

Kisha watu wawili wakae pamoja. Mmoja asome ile karatasi ya zamani kwa sauti, mwingine afuate ile mpya kwa kidole. Kila penye pesa, tarehe, jina au nambari, wasimame. Kila penye neno "isipokuwa" au "si", wasimame pia, kwa maana neno dogo kama hilo likipotea, kifungu kinageuka. Sisi tulitumia saa moja kwa kazi hiyo. Katiba ikatoka kurasa 10 kwa herufi zile kubwa, wazee wakasoma wenyewe bila kusomewa, na mama mweka hazina akalipia chapa kwa moyo mweupe.

Orodha ya mikopo tuliiandika upya kutoka kwenye daftari, safari hii ndani ya jedwali, na katika faili yake peke yake. Wale wanachama wawili waliitwa, wakaonyeshwa daftari, wakatia sahihi. Lile deni la shilingi 4,000 likapata mwenyewe, na ugomvi ukaishia hapo.

Basi tujue kutumia mashine, lakini tusiiachie mashine iwe shahidi wa peke yake. Kompyuta hufanya unachosema, si unachokusudia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Karatasi za kikundi chetu ziko wapi leo? Kuna nakala ngapi, na nani anazitunza?

2. Kama faili ya mikopo ingeharibika usiku wa leo, tungejuaje deni la kila mmoja?

3. Ni nani katika kikundi anayeruhusiwa kubadilisha kitu katika katiba iliyochapwa? Nani anahakikisha kazi yake?

ZOEZI

Katibu achape aya mbili fupi, akibonyeza Enter mwisho wa kila mstari na kuacha mstari mtupu kati ya aya. Ahesabu maneno. Kisha wanachama wawili wengine, si katibu, wafuate hatua ya 1 hadi ya 7. Mwisho aya ziwe mbili, na maneno yawe yale yale. Wakikosea, wabonyeze Ctrl na Z, wajaribu tena. Afadhali kukosea kwenye zoezi kuliko kwenye orodha ya mikopo.